Chumba cha Nyuma Kikawa Studio: Tuliyojifunza, na Usiku Uliotutisha



Tangu mwezi wa nane watu wengi wanapita kwetu na swali moja: "Ni kweli mmefanya studio ndani ya nyumba? Mlifanyaje?" Wengine ni vijana wenye simu na hamu ya kuimba. Wengine ni viongozi wa kwaya. Wengine ni wazazi ambao mtoto wao amewaomba chumba na hawajui wamjibu nini. Tumejibu mlangoni mpaka sauti zimekauka. Basi tumeona heri tuandike mara moja, kila mtu asome kwake pamoja na watu wa nyumba yake.

Sisi tunaoandika ni baba na mama wa nyumba. Hatujui muziki. Baba ni mwashi, mama anauza maandazi. Mwenye studio ni kijana wetu wa kwanza. Tutawaeleza jinsi tulivyogeuza sehemu ya nyumba, vitu gani vilisaidia na vipi vilitupotezea pesa. Tutawaeleza pia kosa letu ambalo nusura litunyang'anye mtoto na bibi yake usiku mmoja. Kosa hilo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Tafadhali usiishie katikati.

CHUMBA CHENYEWE

Nyumba yetu ni kama nyingi za hapa: matofali mabichi, udongo kwa udongo, mabati juu. Ina sebule, chumba chetu wazazi, na chumba cha nyuma chenye mita 3 kwa mita 2 na nusu.

Mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, shemeji yetu alirudi na watoto wanne na mzigo wa vyombo. Tukawapa kile chumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walikaa mwaka mzima na jembe hatukuwapa, maana shamba lenyewe liko wapi? Mwaka 2024 walipopata nyumba yao, chumba kikabaki wazi, na wiki hiyo hiyo wakajitokeza watu watatu wanaokitaka.

Wa kwanza ni bibi, mama mzazi wa mama wa nyumba. Yeye na wasichana wetu wawili walikuwa wakilala sebuleni, na kila asubuhi lazima wakunje magodoro kabla wageni hawajaingia. Wa pili ni mama mwenyewe, aliyetaka mahali pa kuweka ufa na mafuta mbali na panya. Wa tatu ni kijana.

Kijana alikuja jioni, akakaa chini kwa heshima. "Papa, Mama, naomba kile chumba. Nataka kurekodi watu hapa hapa nyumbani."

Bibi akamjibu kabla yetu: "Yaani watoto walale sebuleni, sauti ilale chumbani?"

Tulicheka, lakini neno lilikuwa zito. Katika kambi hii chumba ni mali kuliko pesa. Dzaleka ilikuwa gereza zamani, ikafunguliwa kuwa kambi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo tumepita 50,000. Ukitoa chumba, unajua kuna mtu atalala amejikunja.

KWA NINI TULIKUBALI

Tulizungumza jioni tatu. Kilichotushinda ni hesabu ya kijana. Mwaka uliopita alikwenda Lilongwe na waimbaji wa kwaya kurekodi nyimbo mbili. Kutoka hapa ni kilomita 40 na kitu tu, lakini hesabu: ruhusa ya kutoka, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na studio inayolipisha kwa saa. Walirudi na wimbo mmoja na nusu, maana saa ziliisha. Kwaya ya watu 22 haiwezi kufanya hivyo kila mara.

Tena muziki hapa si mchezo wa watoto. Wote mnajua Tumaini Festival, iliyoanzishwa hapa mwaka 2014 na ndugu yetu Menes la Plume, ambapo watu wa kambini na wageni kutoka miji ya Malawi wanakaa uwanja mmoja. Vijana wetu wanapanda jukwaani, wanashangiliwa, halafu mtu akiuliza, "Nyimbo zenu nizipate wapi?", hawana hata moja ya kumpa.

Mwisho tukapata njia ya katikati. Mchana chumba kiwe studio, usiku kiwe chumba cha kulala cha bibi na wasichana. Magodoro yao na mablanketi yao mchana yatasimama ukutani kumeza mwangwi, usiku yatalala chini kama kawaida. Tukaona tumekuwa na akili sana: kitu kimoja, kazi mbili, kwacha sifuri. Akili hiyo ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe tulilijua Juni.

KUZUIA KELELE NA KUONDOA MWANGWI NI KAZI MBILI

Hapa ndipo wengi wanakosea, na sisi tulikosea pia. Kuna sauti inayoingia na kutoka: jogoo, redio ya jirani, mtoto analia, mashine ya kusaga. Na kuna sauti ya mwimbaji inayogonga ukuta na kurudi, ndiyo mwangwi. Dawa ya ile si dawa ya hii.

Sauti inayoingia na kutoka inazuiwa na uzito na kuziba nafasi za hewa. Ukuta wa tofali bichi, ukipakwa udongo pande zote mbili, ni mzito na unafanya kazi nzuri. Hatukuhitaji kuuongeza kitu. Udhaifu wetu ulikuwa sehemu nne: mlango wa mbao nyepesi, nafasi chini ya mlango, dirisha, na ule uwazi kati ya kichwa cha ukuta na mabati. Mahali hewa inapopita, sauti inapita. Tundu dogo tu chini ya mlango linaharibu kazi ya ukuta mzima.

Mwangwi unapunguzwa na vitu laini na vinene. Jaribuni hivi: ingieni chumba kitupu, pigeni kofi moja kali. Mkisikia mlio kama "ngwii" unaobaki hewani, hapo maiki itausikia pia, na hakuna programu itakayouondoa vizuri baadaye. Wekeni magodoro na mablanketi, pigeni tena. Kofi litakuwa kavu. Hicho ndicho kipimo chetu mpaka leo.

Sasa tuseme kuhusu trei za mayai. Kijana alikusanya trei miezi miwili, akaomba kwa wauza mayai wote, akazibandika ukuta mzima kwa uji wa ufa. Zilipendeza kweli. Tukapiga kofi: mlio ulipungua kidogo tu, zile sauti nyembamba za juu. Jogoo wa jirani akawika: tukamsikia kama yuko mezani. Trei ni nyepesi mno, haizuii kelele. Tena ni karatasi kavu, moto ukishika hapo hamtoki. Juu ya hayo panya walikula uji wote. Tulizitoa tukawashia jiko la maandazi, na hiyo ndiyo faida tuliyoipata.

TULICHOFANYA

Dirisha. Baba alitengeneza kifuniko cha mbao mbili, katikati akajaza nguo kuukuu zilizokazwa sana. Kinawekwa wakati wa kurekodi.

Mlango. Tuligongelea blanketi nzito iliyokunjwa mara mbili upande wa ndani, na vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kuzunguka fremu ili mlango ukifungwa ubane. Chini tukaweka mfuko mrefu wa mchanga wa kuzuia nafasi.

Kichwa cha ukuta. Baba alipanda akaziba ule uwazi wote chini ya mabati kwa tofali na udongo, kuzunguka chumba kizima. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Dari. Tulishona magunia, tukayafunga kwenye kamba chini ya mabati, juu yake vitenge vilivyochakaa. Inasaidia mwangwi na joto. Lakini msidanganyike: mvua ya Januari ikianza kupiga mabati, hakuna gunia litakalokuokoa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili tunarekodi asubuhi mapema au tunaangalia mawingu. Mvua ikija, tunafunga kompyuta tunakunywa chai.

Kuta. Magodoro mawili yanasimama pembeni. Mablanketi hayagusi ukuta, yananing'inia kwenye kamba, mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja. Blanketi ikiachiwa nafasi hiyo nyuma yake inameza sauti vizuri zaidi kuliko ikibandikwa.

Jambo moja lilitushangaza. Tulikuwa tumeweka godoro nyuma ya maiki, tukidhani ndiko sauti inakokwenda. Kumbe maiki nyingi zinasikia upande wa mbele, yaani mwimbaji na kilichoko nyuma ya mwimbaji. Godoro nene likae mgongoni kwa mwimbaji. Tulilihamisha tu, bila kununua kitu, na rekodi ikabadilika siku hiyo hiyo.

USIKU WA JUNI

Septemba mpaka Mei tulikaa vizuri. Kisha ikaja Juni, na ninyi mnajua baridi ya huku Dowa mwezi wa sita.

Miaka yote tulizoea kuingiza mbaula ndani. Ukishapika, mkaa umebaki mwekundu, unauweka chumbani kwa wazee na watoto upashe joto. Nani hafanyi hivyo? Moshi hauonekani, watu wanalala. Bibi alifanya hivyo sebuleni miaka mingi na hakuna lililotokea.

Ila sebule ina uwazi chini ya mabati. Chumba cha nyuma hakina tena, baba aliuziba kwa mkono wake. Mlango una mpira, chini una mchanga. Usiku ule wa baridi bibi akaacha hata kifuniko cha dirisha mahali pake. Akaingiza mbaula, akafunga mlango, wakalala watatu.

Mama huamka saa kumi usiku kukanda unga. Alipopita na koroboi akaona mlango wa nyuma umefunguka kidogo na msichana wetu mdogo, wa miaka 9, amelala kifudifudi kizingitini, nusu ndani nusu nje. Akadhani ni usingizi. Akamshika: mwili mlegevu, amejitapikia. Akapiga kelele. Baba akakimbia akamvuta bibi nje, kisha msichana mkubwa. Bibi alikuwa anapumua lakini hajui yuko wapi, anaita jina la ndugu yake aliyebaki Fizi.

Tuliwalaza uani kwenye upepo, tukaita majirani. Wakaja na machela na baiskeli, tukawapeleka kituo cha afya. Muuguzi hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja: "Mlilala na mbaula?"

Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haina moshi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Aliyelala hajui kitu, anazidi kulala mpaka anakufa. Chumba kikibana zaidi, ndivyo inavyojaa haraka zaidi.

Mungu alisaidia, wote watatu walirudi nyumbani. Bibi aliumwa kichwa siku nyingi. Siku ya pili yule mdogo akatueleza. Alisikia kichwa kinapasuka, akaita, "Mama!" Akangoja. Akaita tena. Hakuna aliyekuja, ndipo akatambaa mpaka mlangoni.

Chumba chetu na chake vimetenganishwa na ukuta mmoja. Zamani akikohoa tu tunasikia. Sasa mtoto aliita mara mbili na sisi hatukusikia, kwa sababu tulifanya kazi miezi mizima ili chumba kile kisitoe sauti. Ndugu wasomaji, hilo neno bado linatuamsha usiku.

TULIBADILI NINI

Jioni ile kijana alikuja na nyundo. "Papa, tubomoe yote. Sitaki tena." Sisi tulikuwa tayari kukubali. Bibi, amejilaza kwenye mkeka, akasema, "Ukuta haukukosa. Sisi tuliiziba nyumba pua, tukaipa moto ile." Basi hatukubomoa. Tulirudia kazi, tukaanza na hewa kabla ya sauti.

Kwanza, hakuna mbaula chumbani, wala kwa dakika tano, wala ukiwa umebaki majivu mekundu. Mkaa unaofifia ndio hatari pia. Baridi ikiwa kali, tunachemsha maji, tunatia kwenye chupa, tunazungushia kitambaa, mtu analala nayo. Msidhani kwamba mkifungua dirisha kidogo mkaa unakuwa salama. Hauwi salama. Ukae nje.

Pili, baba alifungua njia mbili za hewa, moja chini kwenye ukuta mmoja, nyingine juu kwenye ukuta unaoelekeana nao. Si tundu lililonyooka. Ni kisanduku cha matofali chenye kona mbili ndani, hewa inaingia, inapinda, inapinda tena, ndiyo inatoka. Ndani amepaka udongo na kubandika vipande vya blanketi. Hewa inapenda kona, haina shida. Sauti inachoka kwenye kila kona. Nje tumeweka wavu wa kuzuia panya na nyoka. Kelele inapita kidogo zaidi kuliko zamani, na sisi tunasema ipite.

Lakini angalizo kwa wasio waashi: ukuta wa tofali bichi ndio unabeba paa. Usitoboe pembeni karibu na kona, wala juu karibu na boriti, wala usitoboe wakati wa mvua. Mwite mtu anayejua.

Tatu, usiku mfuko wa mchanga unatoka, kifuniko cha dirisha kinatoka, mlango hausukumwi mpaka mwisho.

Nne, kuna kamba. Inatoka kwenye godoro la bibi, inapita njia ya hewa, inaishia kwenye kopo lenye mawe karibu na kichwa chetu. Wakivuta, sisi tunaamka. Wasichana waliivuta mara saba wiki ya kwanza, kujaribu tu. Hatukugomba hata mara moja.

VYOMBO NA UMEME

Bei za kwacha zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo hatutaandika bei. Tutaandika vitu.

Maiki. Ziko aina mbili kubwa. Zile za jukwaani, za dainamiki, ni ngumu, hazihitaji umeme wake, na hazisikii sana vya mbali. Za kondensa zina sauti safi zaidi lakini zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, na zinasikia kila kitu mpaka kuku anayekwaruza uani. Kwa nyumba za kambini tunashauri muanze na ya jukwaani. Mwimbaji akae mbali nayo kiasi cha shubiri moja. Mbele yake wekeni soksi nyembamba ya kike iliyokazwa kwenye waya wa duara, ili "pa" na "ba" zisipige maiki kama upepo.

Programu. Kijana anatumia Audacity. Ipo tangu mwaka 2000, ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti mkishaiweka. Sauti isifike kwenye nyekundu: kilele chake kiwe karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti ndogo inaweza kuongezwa, sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Nafasi. Dakika moja ya stereo isiyobanwa, ya kiwango cha CD, inakula kama megabaiti 10. Rekodini hivyo, kisha mfanye nakala ya MP3 ya kugawa kwa simu. Na nakala ziwe mbili: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayolala nyumba nyingine. Kompyuta huibiwa, tena na flashi yake pembeni.

Hedifoni. Mwimbaji asikie muziki kwa hedifoni. Mkiufungulia spika, maiki itaurekodi mara ya pili.

Umeme. Wote tunakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha Kapichira na nchi nzima ikakaa gizani mara kwa mara. Hata leo umeme ukiwepo, hauaminiki katikati ya wimbo. Sisi tuna betri ya volti 12, amp-saa 100, inayochajiwa kwa sola. Kwa hesabu ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiikausha inakufa mapema, kwa hiyo hesabuni nusu, 600. Kompyuta ya wati 60, ukitoa inayopotea kwenye inveta, inafanya kazi kama saa 8. Betri ya namna hii ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Yetu inakaa nje kwenye kibanda chake, ni waya tu unaoingia ndani. Na mshumaa hauingii kabisa kwenye chumba chenye magodoro na magunia.

SHERIA ZA NYUMBA

Kwanza tulimwambia kiongozi wa eneo letu, kisha majirani wa pande zote, kabla ya kugonga msumari. Hilo lilituepusha na maneno mengi.

Kurekodi ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu wasichana wakitoka shule wanahitaji mahali pa kusoma. Ibada na msiba vikiwepo jirani, studio imefungwa. Mgeni wa studio anapita mlango wa nyuma, haingii sebuleni kama hakukaribishwa. Watu hawazidi sita chumbani kwa wakati mmoja. Kwaya kubwa inaingia kwa makundi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kijana anaziunganisha.

Malipo na mwenye wimbo tunaandika kwenye daftari kabla ya kuanza, wote wanatia sahihi. Asilimia fulani ya pesa inaingia kwenye chakula cha nyumba, maana magodoro ni ya bibi na wasichana. Kijana alipolalamika, bibi alimwambia, "Mwenye godoro hula na mwenye maiki." Hakulalamika tena.

NA SASA

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 tulikuwa na kwaya iliyotaka kurekodi haraka kabla waimbaji wao wanne hawajasafiri kwenda Marekani. Walikuwa wamekwisha kugawa vyombo vyao. Mwezi huo huo Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari ikakwama. Walikuja siku iliyopangwa wakiwa kimya sana. Kijana akawauliza kama waahirishe. Mwalimu wa kwaya akasema, "Tumekuja kuimba, tuimbe." Wakaimba. Nyimbo hizo zinasikika kwenye simu nyingi hapa kambini, huenda na yako.

Na bibi? Baada ya Juni alikataa chumba kile mwezi mzima. Alilala kwenye kitanda chetu, sisi tukahamia sebuleni, tukajua walivyokuwa wakiishi. Mwezi wa nane, siku moja mchana, tukamkuta ameketi ndani kwenye kigoda, anaangalia maiki. Akamwambia kijana, "Washa hicho chuma chako."

Akaimba wimbo wa Kibembe ambao wanawake wa kwao waliimba wakitwanga mihogo. Sisi wenyewe tulikuwa tunaujua nusu. Wasichana hawakuujua kabisa, wamezaliwa hapa, mlima wa Fizi wanausikia kama hadithi. Akawaita, akawafundisha pa kuitikia. Walikosea, akaanza upya. Walicheka, akaanza upya. Jua lilipoinama walikuwa wameupata.

Aliposikia rekodi kwa hedifoni alizivua upesi. "Huyo si mimi. Huyo ni mama yangu."

Mpaka tunaandika, ziko nyimbo kumi na moja kwenye flashi, na anasema hajafika nusu.

KWA KIFUPI, KABLA HUJAGUSA UKUTA

1. Kaeni familia nzima mkubaliane nani anapoteza nafasi na atafidiwa vipi.
2. Mweleze kiongozi wa eneo na majirani.
3. Tengeneza njia za hewa zenye kona kabla ya kuziba kitu chochote.
4. Usiingize mbaula, mshumaa wala betri inayochajiwa.
5. Ziba mlango na dirisha wakati wa kurekodi tu. Usiku fungua.
6. Chumba kikilaliwa, kiwe na kamba, kengele au kopo. Anayelala ndani asikike.
7. Kitu kinene kiwe mgongoni kwa mwimbaji. Trei za mayai washia jiko la nje.
8. Mtu akiumwa kichwa au kutapika penye mkaa, mtoe nje kwanza, halafu kituo cha afya. Usimwache alale.

Mwenye swali asione haya kupita. Studio iko wazi kuanzia saa tatu, na mama ana maandazi. Ila ukikuta mlango umefungwa na ndani kuna sauti ya kizee inaimba, tafadhali ngoja kidogo uani. Bibi hapendi kuanza upya kwa ajili ya mgeni.

Mungu awalinde na baridi. Tutaonana toleo lijalo.